HARUFU YA BEBERU INA KAZI YAKE

Upo ujumbe unaopelekwa kila siku katika vihamba vya Old Moshi ambao mara nyingi hakuna anayeupokea. Mpelekaji ni ng'ombe jike aliyefungiwa bandani. Barua yake ni harufu iliyomo katika mkojo wake na katika ute wake, na yule aliyekusudiwa kuisoma, yaani fahali, hayupo. Barua hiyo hudumu kwa muda usiofika siku nzima, kisha hufutika, na kwa kawaida haiandikwi tena mpaka zipite siku 21. Mfugaji asiyeitambua hupoteza majuma matatu ya maziwa ya kesho, na wala hajui kwamba amepoteza kitu.

Tumeona tulizungumze jambo hili leo kwa sababu mbili. Kwanza, ni elimu ambayo wataalamu wameichimba kwa zaidi ya miaka mia mbili, nayo inastahili kumfikia kila mwananchi anayefuga hata mbuzi mmoja. Pili, yanayowapata ndugu zetu wa mlimani ndiyo yanayotukabili sisi wa Visiwani, kwani ardhi yetu nayo ni finyu, na mwenye ng'ombe wa maziwa wa kisasa humfuga bandani kama wafanyavyo wao. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

ZIZI LISILO NA FAHALI

Old Moshi ni nchi ya mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Ndiyo nchi ya Mangi Rindi na mwanawe Mangi Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900. Hapo awali iliitwa Moshi tu. Ikawa ya kale pale reli ya kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, na mji mpya ukaota kandokando ya stesheni.

Huko familia inaishi ndani ya kihamba chake: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi na maharage chini zaidi. Watu ni wengi na ardhi ni haba, kwa hiyo malisho ya kuchungia hakuna. Kwa vizazi vingi Wachaga wamewafuga ng'ombe na mbuzi ndani, zamani wakilala chini ya paa moja na wenye nyumba. Majani hukatwa na kuletwa zizini, mengi yakibebwa na akina mama kutoka tambarare, na samadi hurudi kwenye migomba. Wataalamu wa dunia walipoanza kuusifu ufugaji wa ndani kana kwamba ni jambo jipya, Mchaga alikuwa ameuzoea tangu enzi za babu yake.

Ilikuwepo pia desturi ya kuwekeana mifugo. Mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi rafiki au jirani mmoja wa kulisha. Mlezi akapata maziwa na samadi, na mwenye mali akabaki na haki yake juu ya ndama. Kwa njia hiyo ng'ombe walitawanyika, mmoja hapa na wawili kule. Lakini fahali hakuwa mbali sana, na alipopitishwa jirani na banda, pua yake ilimweleza kilichomo.

Mambo yamebadilika. Bei ya kahawa ilipoyumba baada ya mgao wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa kuvunjika mwaka 1989, maziwa yalizidi kuwa tegemeo la nyumba nyingi. Ng'ombe wa asili walipunguzwa, wakaletwa wa maziwa na chotara wao, ambao hula sana. Katika nyumba inayohesabu kila mzigo wa majani, kumlisha fahali asiyetoa hata kikombe cha maziwa ni anasa. Ndipo uhimilishaji ulipopata nafasi. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, mkoani Arusha, huzalisha mbegu za madume bora, nazo huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, zikasafirishwa hadi zizini.

Hatuandiki haya ili kuulaumu uhimilishaji. Faida zake ni dhahiri: dume mmoja bora hutumikia maelfu ya majike, magonjwa yanayoenezwa kwa kupandana hukatika, na fahali hapati nafasi ya kumpanda binti yake mwenyewe. Lakini maadamu kila jambo lina gharama yake, na hili linayo. Fahali alipoondoka, aliondoka na pua yake. Kazi aliyoifanya bila mshahara, usiku na mchana, ya kutambua saa ambayo jike yuko tayari, sasa imeachiwa macho ya binadamu, ambaye ana mengine mengi ya kutazama.

KUTOKA PUANI HADI KWENYE OVARI

Kila aliyewahi kuchunga amemwona fahali au beberu akinusa mkojo wa jike, kisha akainua shingo, akabenua mdomo wa juu na kuuacha ufizi wazi, kama anayecheka. Hacheki. Anaivuta ile harufu na kuiingiza katika kiungo maalumu kilicho kwenye sakafu ya pua, juu ya kaakaa, ambacho kina vijitundu vinavyofunguka nyuma ya ufizi wa mbele. Daktari wa Denmark, Ludvig Jacobson, alikieleza kiungo hicho mwaka 1811, na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Kazi yake ni kupokea habari zinazotoka kwa wanyama wa jinsi moja na mwenyewe. Mwaka 1959 wataalamu Peter Karlson na Martin Lüscher walizipa kemikali za namna hiyo jina la feromoni. Homoni hupeleka habari kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Feromoni huzipeleka kutoka mwili mmoja hadi mwili mwingine.

Njia yenyewe ni hii. Harufu ikipokewa, ama na kiungo cha Jacobson ama na pua ya kawaida, habari husafiri kwa mishipa ya fahamu hadi sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo iitwayo hipothalamasi. Hapo zipo chembe chache mno zinazotoa homoni moja kwa mapigo, mithili ya ngoma. Mapigo yakiwa ya pole, uzazi umelala. Yakiharakishwa, uzazi unaamka. Homoni hiyo huishukia tezi ya pituitari, nayo pituitari hutoa homoni zake mbili ambazo husafiri ndani ya damu hadi kwenye ovari za jike au korodani za dume. Ovari ikichochewa, yai hukomaa, homoni ya estrojeni hupanda, na jike huingia joto. Estrojeni nayo hubadilisha harufu ya mkojo na ute, na habari huanza safari ya kurudi kwenye pua ya dume. Ni mazungumzo ya pande mbili, na hakuna sauti inayosikika.

Muundo wa homoni hiyo ya hipothalamasi ulitambuliwa mwaka 1971 na Andrew Schally na Roger Guillemin, mahasimu wawili wa sayansi nchini Marekani. Mmoja alitumia bongo za nguruwe na mwingine za kondoo, kwa idadi isiyohesabika kwa maelfu machache. Wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Lakini jambo la kustaajabisha zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 1989 watafiti walionyesha kwamba chembe zinazotoa homoni hiyo hazichipui ndani ya ubongo. Huanzia puani mwa mtoto angali tumboni, kisha husafiri kidogo kidogo kufuata mishipa ya pua hadi zinapofika kwenye hipothalamasi. Zikikwama njiani, mtoto huzaliwa asiyesikia harufu, na umri wa kubalehe ukifika habalehi mpaka apate tiba. Ugonjwa huo unajulikana kwa jina la Franz Kallmann, aliyeueleza mwaka 1944. Kwa hiyo mtu akituuliza pua na uzazi vimekutania wapi, jibu ni kwamba vilianza safari pamoja.

Nguvu ya harufu ilithibitishwa kwanza kwa panya wa maabara. Mwaka 1956 Wesley Whitten alionyesha kwamba panya majike wakinusishwa harufu ya dume, wengi wao huingia joto kwa pamoja katika usiku wa tatu. Mwaka 1959, mjini London, Hilda Bruce akagundua jambo zito zaidi: jike aliyepandwa karibuni, akikutana na harufu ya dume mgeni, mimba yake changa huporomoka. Hakuguswa, hakupigwa, hakunyimwa chakula. Alinusa tu.

BEBERU NA NDAFU

Sasa tumgeukie beberu. Lugha yetu imelitwika jina lake mzigo mzito, kwani tangu siku za kudai uhuru kila mkoloni na kila mnyonyaji ameitwa beberu. Tunamwomba msomaji, kwa leo, amsamehe yule wa miguu minne. Akina mama humfukuza asikaribie wanapokamua, wakisema kwamba maziwa hushika harufu yake. Harufu hiyo hiyo ndiyo dawa ambayo Mungu amempa mfugaji bila malipo.

Wachaga walikwisha kuona nusu ya siri hii zamani. Anayetaka ndafu wa arusi humhasi beberu angali mdogo, kisha humnenepesha. Mbuzi aliyehasiwa hana ile harufu ya kuchoma pua, wala nyama yake hainuki. Maana yake ni kwamba kisu kinachoondoa korodani kinaondoa na harufu. Sayansi inaeleza sababu: korodani hutoa homoni ya testosteroni, nayo testosteroni huiamrisha ngozi ya kichwa na shingo ya beberu itoe mafuta yenye harufu. Hakuna korodani, hakuna amri. Hakuna amri, hakuna harufu.

Watafiti wa Japani walitumia tofauti hiyo hiyo kuitafuta nusu ya pili ya siri. Waliwavika mabeberu kofia maalumu zilizonasa hewa ya vichwani mwao, wakailinganisha na ya mbuzi waliohasiwa. Mwaka 2014 walitangaza kwamba wameipata kemikali iitwayo 4-ethiloktanali, ambayo kwa pua ya binadamu inakaribia harufu ya machungwa. Majike walipoinusa, mapigo ya zile chembe za hipothalamasi tulizozitaja yaliharakishwa. Kemikali hiyo ikikaa hewani hugeuka kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayochangia ule uvundo ambao sote tunaujua. Basi kinachomkera binadamu puani ndicho kinachoamsha ovari za mbuzi.

Wafugaji wa kondoo wa Australia ya Magharibi walikwisha kuandikiwa habari za namna hiyo mwaka 1944, kabla kemikali yoyote haijajulikana. Dume akiingizwa ghafla katika kundi la majike ambao uzazi wao umelala, homoni zao huanza kupanda katika dakika chache, na wengi wao hupevusha yai ndani ya siku mbili au tatu. Kwa mbuzi ni vivyo hivyo: wengi huonyesha joto ndani ya juma moja, na baadhi yao hurudia joto baada ya siku tano au sita kabla mzunguko haujatulia. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba lazima majike watengwe na dume kwa mwezi mzima ndipo athari ionekane. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba lililo muhimu zaidi ni ugeni wa dume. Yule waliyemzoea hawashtui. Anayewaamsha ni mgeni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tahadhari moja ni lazima. Katika nchi za baridi ni urefu wa mchana unaoulaza uzazi wa mbuzi na kondoo. Old Moshi iko karibu digrii tatu kusini mwa Ikweta, na Visiwa vyetu haviko mbali na hapo. Mchana wetu haubadiliki sana. Kwetu sisi kinachoulaza uzazi zaidi ni njaa ya kiangazi, minyoo na kunyonyesha. Harufu ya beberu huamsha mbuzi aliyelala, lakini haimshibishi mwenye njaa. Mfugaji anayemleta dume katika zizi la majike waliokonda amemleta mgeni katika nyumba isiyo na chakula.

MIFANO MINGINE

Si mbuzi peke yake. Wapo miongoni mwa wasomaji wetu ambao imani yao haiwaruhusu kufuga nguruwe, nasi tunaliheshimu hilo. Lakini mfano wake katika sayansi ni wa wazi mno kuuacha. Mate ya nguruwe dume yana kemikali iitwayo androstenoni. Jike aliye kwenye joto akiinusa, husimama tuli kama aliyegandishwa, tayari kupandwa. Leo kemikali hiyo hutengenezwa viwandani na kuuzwa katika makopo ya kupulizia, na mhimilishaji huitumia kupima kama saa imefika.

Na upande wa kaskazini wa mlima huo huo wa Kilimanjaro wapo walimu wakubwa zaidi. Tembo wa Amboseli, nchini Kenya, huvuka mpaka kuja Tanzania na kurudi kwa kufuata ushoroba wa Kitendeni. Mwaka 1981 Joyce Poole na Cynthia Moss walieleza kutokana na tembo hao kwamba dume mkubwa wa Afrika huingia kipindi maalumu cha ukali na uzazi, ambapo tezi za kando ya macho huchuruzika na mkojo hudondoka njia nzima, na harufu yake huwatangazia wenzake hali yake. Mwaka 1996 Bets Rasmussen na wenzake wakaitambua kemikali iliyomo katika mkojo wa tembo jike wa Asia anapokaribia kupevusha yai, nayo ikaonekana kuwa ni ile ile inayotumiwa na aina nyingi za nondo. Kiumbe mzito kupita wote wa nchi kavu na mdudu anayezimwa na mshumaa wanatumia neno moja katika mapenzi yao.

Je, binadamu? Hapa inafaa tuseme kwa uangalifu, hasa kwa wasomaji wa Visiwani, ambao nyumba zao hazikosi udi, asumini na vikuba. Mwaka 1971 Martha McClintock aliandika kwamba wanawake wanaoishi pamoja bwenini huelekea kupata hedhi kwa wakati mmoja, na wengi wakaamini kwamba harufu ndiyo sababu. Tafiti nyingi zilizofuata hazikulithibitisha jambo hilo. Kiungo cha Jacobson kwa mtu mzima ni masalio tu, na hadi sasa hakuna kemikali hata moja iliyothibitishwa kuwa feromoni ya uzazi kwa binadamu. Udi na asumini vina heshima yake katika mila, katika kumbukumbu na katika mapenzi, na havihitaji cheti cha maabara. Lakini anayekuuzia chupa akidai kwamba ndani yake mna feromoni za kumvuta mtu, huyo anauza maneno.

HASARA ISIYOONEKANA

Turudi zizini. Tuchukue mfano wa ng'ombe ambaye angetoa lita 6 kwa siku baada ya kuzaa. Joto moja likipita bila kuonekana, kuzaa kwake kunasogezwa mbele siku 21, na siku hizo ni lita 126 zitakazochelewa. Yakipita majoto matatu, ni lita 378. Katika nyumba ya kihamba hizo ni karo ya shule, ni chumvi na mafuta ya taa, ni maziwa ya mtoto. Na ng'ombe haachi kula majani kwa sababu hana mimba.

Kwa nini joto halionekani? Dalili yake iliyo wazi kupita zote ni ng'ombe kusimama tuli apandwe na mwenzake. Lakini ng'ombe aliye peke yake bandani hana wa kumpanda wala wa kupandwa naye. Zaidi ya hayo, ng'ombe wengi huonyesha joto usiku au alfajiri, na katika nchi zenye joto kali la hewa dalili hufifia na muda wake hufupika. Harufu haifichiki, ila sisi hatuna pua ya kuisoma. Kwamba ipo, hilo halina shaka: mwaka 1978 wataalamu wa kilimo wa Marekani waliwafundisha mbwa kuitambua harufu ya ng'ombe aliye kwenye joto, na mbwa wakaitambua.

Fahali huwa na faida nyingine pia. Tafiti zilizofanyika Marekani tangu miaka ya 1980 kwa ng'ombe wa nyama zimeonyesha kwamba jike aliyezaa, akiwa karibu na dume, hurejea joto mapema kuliko aliyetengwa naye. Ng'ombe wa bandani hukosa faida hiyo pia.

Basi mfugaji afanye nini? Kwa kuwa pua haipo, macho yafanye kazi kwa ratiba. Ng'ombe atazamwe alfajiri kabla ya kukamuliwa, atazamwe jioni, na atazamwe tena usiku kabla ya watu kulala, kila mara kwa muda wa kutosha na si kwa kupita tu. Dalili ni hizi: hatulii, analia mara kwa mara, maziwa yanapungua ghafla, na ute mweupe unaong'aa kama ute wa yai unaning'inia nyuma yake. Tarehe iandikwe ukutani, na kuanzia siku ya 18 uangalizi uongezwe. Aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni. Aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho asubuhi. Na jirani wawili wenye ng'ombe mmoja mmoja, wasio na maradhi, wakiweza kuwakutanisha katika ua mmoja kwa nusu saa ya asubuhi, watakuwa wamewapa wanyama wao nafasi ya kusema kile ambacho binadamu hasikii.

Kwa mbuzi kazi ni nyepesi zaidi. Kaya kumi zinaweza kushirikiana beberu mmoja bora, zikamweka mbali, mahali ambapo majike hawamwoni, hawamsikii wala hawamnusi. Majike washibishwe na wapewe dawa ya minyoo. Beberu akiletwa, siku zihesabiwe, na watoto watazaliwa kwa karibu wakati mmoja baada ya siku 150, mfugaji akiwa amepanga uzazi uangukie msimu wa majani. Asiye na beberu karibu anaweza kusugua kitambaa kwenye kichwa cha beberu wa jirani, akakifungia katika kopo lenye kifuniko, na kumnusisha jike anayemshuku. Aliye kwenye joto mara nyingi hukikimbilia, akatikisa mkia na kulia. Na beberu huyo abadilishwe na wa kijiji kingine kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa. Hivyo damu haitarudi nyuma, na ugeni wake utakuwa mpya kila mara.

SISI WA VISIWANI

Msomaji wa Unguja asidhani kwamba haya ni ya mlimani tu. Kisiwa chake kilikombolewa na mbung'o kwa kazi ya ushirikiano: madume ya mbung'o yaliyozalishwa Tanga na kutiwa utasa kwa mionzi yaliachiwa angani, mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi Septemba 1996, na mwaka 1997 ikatangazwa kwamba kisiwa kimesafika. Ushindi huo ulipatikana kwa kuuelewa uzazi wa mdudu. Uliwafungulia wafugaji mlango wa kufuga ng'ombe bora wa maziwa, ambao mbung'o asingewavumilia. Ng'ombe hao leo wamo mabandani, wengi mmoja mmoja, katika joto la pwani linalozidi lile la Old Moshi. Tulimshinda mbung'o kwa kujua anavyozaa. Itakuwa ajabu tukishindwa na ng'ombe wetu wenyewe kwa kutojua anavyozaa.

Kwa hiyo tunaelekeza maneno yetu ya mwisho kwa waheshimiwa viongozi na maofisa wa mifugo, wa Bara na wa Visiwani. La kwanza, elimu ya dalili za joto na ya saa za kuhimilisha ifundishwe zizini, mbele ya mnyama, na wafundishwe hasa akina mama na vijana, ambao ndio wanaokata majani na kukamua. Semina ya hotelini haina ng'ombe. La pili, mhimilishaji apewe chombo cha usafiri na naitrojeni isiyokatika, kwani barua ya ng'ombe haingoji siku ya pili. Mhimilishaji anayefika kesho kutwa amefika bure. La tatu, mpango wowote wa kugawa mbuzi wa maziwa uambatane na mpango wa mabeberu, wenye daftari la ukoo na zamu za kubadilishana vijijini. La nne, madaktari wa mifugo wawezeshwe kuandaa madume waliokatwa mirija ya mbegu, ambao hawatungishi mimba lakini pua yao ni nzima na harufu yao ni kamili. Dume mmoja wa namna hiyo katika kitongoji anaweza kuwatambulia joto ng'ombe wa majirani wengi, na mbegu bora ya Usa River ikafuata nyuma yake.

Hakuna katika haya linalohitaji mkopo mkubwa wala mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Yanahitaji daftari, pikipiki, beberu wa kuazimana na mfugaji aliyeelezwa sababu. Mzee wa Old Moshi aliyemhasi ndafu wake alijua kwamba harufu na uzazi ni ndugu. Maabara ya Japani yamemwongezea jina la kemikali. Kilichobaki ni elimu hiyo iteremke kutoka kwenye vitabu na kufika bandani, kwa mlimani na kwa visiwani, kabla ng'ombe mwingine hajaandika barua yake usiku huu na kukosa msomaji.